Afrika imelipuliwa mabomu mangapi ya nyuklia, 17 au 18?

#1 Mwalimu wa Zamu
Salaam wakuu. Nafundisha historia kidato cha tatu. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Vita Baridi, nikaandika ubaoni kwamba Ufaransa ililipua mabomu 17 ya nyuklia katika Sahara ya Algeria, la kwanza tarehe 13 Februari 1960 na la mwisho Februari 1966. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na lile la 1979 kule chini ya Afrika Kusini mbona hulihesabu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitalitafuta, na tangu siku hiyo nimelitafuta kweli. Msimamo wangu mpaka sasa ni 17, maana lile la 1979 hakuna nchi iliyokiri. Naomba nikosolewe kwa hoja, nina kipindi nao Alhamisi.

#2 Tuliza Boli
Nimetandika mkeka. Shusheni nondo.

#3 Fundi Mitambo
Huyo binti mpe zawadi.

Tarehe 22 Septemba 1979, saa kumi kasoro dakika saba alfajiri kwa saa zetu, setilaiti ya Marekani ya aina ya Vela, namba 6911, iliona mmweko maradufu kusini kabisa, kati ya bahari ya Hindi na Atlantiki, upande wa visiwa vya Prince Edward ambavyo ni mali ya Afrika Kusini. Setilaiti za Vela zilirushwa kwa kazi moja: kuchungulia nani anavunja mkataba wa 1963 uliokataza majaribio hewani, angani na chini ya maji.

Kwa nini maradufu? Bomu la nyuklia likilipuka hewani linatoa mwanga wa kwanza mkali wa muda mfupi mno. Halafu wimbi la mshindo linaipasha hewa moto hadi inakuwa kama pazia, mwanga unafifia. Wimbi likipoa, pazia linafunguka na mwanga wa pili unatoka, huu wa taratibu zaidi. Radi haifanyi hivyo, wala meli inayoungua. Kabla ya siku ile, kila mmweko wa namna hiyo ulioonwa na Vela ulikuja kuthibitishwa kuwa bomu.

Mimi nasema 18.

#4 Ngalawa
18, na mlipuaji anajulikana. Israeli walileta bomu, Makaburu wakatoa bahari. Kwa nini tunazunguka mbuyu?

#5 Mlima Usiku
#4 taratibu mkuu, tusilishane matango pori. Rais Carter wa Marekani aliunda jopo la wanasayansi chini ya Jack Ruina wa chuo cha MIT. Mwaka 1980 wakasema huenda haikuwa bomu. Ile setilaiti ilikuwa na macho mawili ya kupima mwanga, na siku hiyo hayakupatana: ukali uliopimwa na jicho hili haukuoana na wa lile kama ilivyokuwa kwa mabomu ya nyuma. Wakaona inaelekea zaidi kuwa kijiwe cha angani kiliigonga setilaiti, vipande vikaruka mbele ya macho yake na kuakisi jua.

Chombo chenyewe kilikuwa kimezeeka. Kilirushwa 1969, na kifaa chake cha kunasa mshituko wa umeme wa bomu kilikuwa kimekufa. Ndege za Marekani zilitumwa kukusanya hewa, hazikupata mabaki ya mionzi. Mahakamani kesi hii inafutwa.

#6 Fundi Mitambo
#5 umeeleza jopo vizuri, lakini umeacha upande wa pili. Maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, chini ya Alan Berman, ilichambua sauti zilizonaswa na vinasa sauti vya chini ya bahari. Waliona sauti ya asubuhi ile inalingana na mlipuko karibu na visiwa vile. Na darubini kubwa ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilinasa wimbi lisilo la kawaida likipita kwenye tabaka za juu za anga likitokea kusini.

Jopo la Ruina liliyapima haya yote likasema hayatoshi. Wanamaji wakakasirika. Ndani ya serikali moja kulikuwa na kambi mbili.

#7 Ngalawa
Na Carter mwenyewe je? Shajara yake ilichapishwa 2010. Februari 1980 aliandika kwamba imani inakua miongoni mwa wanasayansi wao kuwa Waisraeli kweli walifanya jaribio la nyuklia baharini karibu na ncha ya kusini ya Afrika. Huyo ndiye aliyeunda jopo! Mchana jopo linazungumzia vijiwe, usiku Rais anaandika Israeli.

Sababu iko wazi. Machi 1979 alikuwa ameshuhudia Misri na Israeli wakitia saini amani. Sheria za kwao zinataka misaada ikatwe kwa nchi inayolipua bomu. Na 1980 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Angekiri vipi?

#8 Mlima Usiku
Hiyo inaonyesha kwa nini *angeficha*. Haionyeshi kwamba *kulikuwa* na kitu cha kuficha. Ni mambo mawili, mkuu.

#9 Mpemba wa Ruwi
Assalaam alaykum. Niko Muscat, nawasoma tangu jana. Mmesahau kondoo.

Kulikuwa na mtafiti huko Memphis, Lester Van Middlesworth, aliyekuwa akipelekewa tezi za shingo za kondoo kutoka machinjio ya nchi mbalimbali, Australia ikiwemo. Kondoo anakula majani yaliyonyeshewa, na iodini yenye mionzi inakimbilia kwenye tezi. Tezi zilizotoka Australia baada ya Septemba 1979 zilikutwa na iodini 131, ambayo nusu yake hupotea kila siku nane, kwa hiyo haiwezi kuwa ya bomu la miaka ya nyuma. Mwaka 2018 wataalamu wawili, De Geer na Wright, walirudia hesabu za upepo na mvua za wiki ile wakaona zinafikisha mvuke wa eneo lile hadi kusini mashariki mwa Australia.

Kwangu mimi kondoo ni shahidi mzuri kuliko rais. Hana uchaguzi.

#10 Tuliza Boli
Kondoo kapanda kizimbani. Uzi umenoga.

#11 Baharia Mstaafu
Wanangu, nami niseme neno. Septemba ile ya 1979 nilikuwa kwenye meli ya Wagiriki, tukizunguka Rasi ya Tumaini Jema bila kutia nanga, maana pasipoti zetu na bandari za Makaburu hazikuwa marafiki. Sikuona mmweko wowote, nisiwadanganye. Visiwa hivyo viko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani, na hali ya bahari ilikuwa mbaya, mawingu yameshuka hadi karibu na mlingoti.

Ninachoweza kushuhudia ni bahari yenyewe. Huko chini hakuna mtu. Unakaa wiki nzima huoni taa wala moshi. Ukitaka kufanya jambo usionwe na kiumbe, huwezi kupata mahali pazuri zaidi duniani. Nilikuja kusikia habari hii miaka mingi baadaye kwenye redio, nikakaa chini nikahesabu tarehe kwa vidole.

#12 Ngalawa
Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo hoja yangu: nani alikuwa mwenyeji wa bahari ile? Dieter Gerhardt, ofisa wa jeshi la maji la Afrika Kusini aliyekuwa jasusi wa Wasovieti, alipotoka gerezani alisema mpango ulikuwepo wa Israeli na Afrika Kusini pamoja.

#13 Baharia Mstaafu
Marahaba. Lakini mwanangu, bahari haina mwenyeji. Anayepita ndiye mwenyeji wa siku hiyo.

#14 Mlima Usiku
Na Gerhardt alisema pia kwamba yeye hakuhusika moja kwa moja, alisikia. Ushahidi wa kusikia.

Kuhusu Afrika Kusini peke yake, hesabu ya urani, malighafi ya bomu, inakataa. Rais De Klerk alisimama bungeni tarehe 24 Machi 1993 akakiri walitengeneza mabomu sita na la saba halikumalizika, na kwamba hawakulipua hata moja. Wakaguzi wa Shirika la Nguvu za Atomiki la Kimataifa walipitia vitabu vya kiwanda. Urani ya kutosha bomu la kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inapatikana mwishoni mwa 1979. Huwezi kulipua Septemba kitu unachokipata Novemba.

Walijiandaa kujaribu, hilo kweli. Walichimba visima viwili virefu Vastrap, jangwa la Kalahari. Agosti 1977 setilaiti ya Wasovieti ikaviona, Moscow ikawaambia Washington, dunia ikapiga kelele, wakafunika. Jaribio lililozuiwa kwa kuonwa tu. Mwalimu, hilo wafundishe.

#15 Mama Chausiku
Habari zenu. Nimesoma yote kumi na nne na kuna kitu kinanikaa vibaya.

Mnagombania mmweko mmoja uliotokea mahali ambapo mzee wetu anasema hakuna hata moshi. Yale 17 yasiyo na ubishi mmeyapitia kwa mstari mmoja. Reggane, moja ya sehemu mbili za majaribio huko Sahara, kulikuwa na watu. In Ekker, ya pili, kulikuwa na Watuareg na ngamia na mbuzi wao. Bomu la kwanza, lile walilolipa jina la panya-jangwa wa bluu, lilikuwa mara kumi ya Hiroshima, juu ya mnara, wazi, upepo unavuma. Tuanze na hao kwanza.

#16 Fundi Mitambo
Bi Chausiku uko sahihi na umetuadabisha. Sahihisho dogo tu: lilikuwa karibu kilotani 70, yaani nguvu ya tani 70,000 za baruti. La Hiroshima ni kama 15. Kwa hiyo mara nne hadi tano.

#17 Mama Chausiku
Nimepokea. Mara nne hadi tano, juu ya vichwa vya watu ambao hakuna aliyewauliza.

#18 Kijana wa Bab Ezzouar
Niruhusuni niandike kirefu.

Nilisoma Algeria kwa ufadhili, 1985 hadi 1989. Chumba kimoja niliishi na kijana wa Reggane, mpole, mcheshi, lakini ukitaja Wafaransa uso unabadilika. Mama yake alimsimulia kwamba siku ya bomu la kwanza walitolewa nje ya nyumba, wakaambiwa walale kifudifudi wafunike macho. Mama huyo alisema aliona mifupa ya mkono wake kupitia kope zilizofumbwa. Sikujua kama niamini. Baadaye nilikutana na maneno hayohayo kutoka kwa wanajeshi wa Kifaransa na wa Kiingereza waliosimamishwa karibu na milipuko, nikaamini.

Lililoniuma zaidi ni la baada. Wafaransa walipoondoka walifukia vifaa mchangani. Upepo wa jangwa haujui kufukia, unafukua. Watu wakaja na punda na malori kuchukua mabati, nyaya za shaba, vyuma. Bati likawa paa, nyaya zikayeyushwa. Rafiki yangu aliniambia kwao walikuwa na mlango wa chuma uliotoka huko, na yeye akiwa mdogo alikuwa akiegemea mlango huo jioni kwa sababu chuma kilihifadhi joto la mchana. Hakuna mtu aliyekuja na kipimo. Hakuna aliyebandika hata kibao.

Wataalamu wa lile shirika la atomiki la kimataifa walifika kupima 1999. Ufaransa ilipitisha sheria ya fidia kwa waathirika Januari 2010, miaka 50 kasoro mwezi tangu bomu la kwanza. Algeria bado inadai ramani kamili za mahali taka zilipofukiwa.

#19 Tuliza Boli
Mkuu #18, hapo kwenye mlango nimesimama kusoma. Pole kwa rafiki yako. Yuko hai?

#20 Kijana wa Bab Ezzouar
Tulipotezana 1994 nchi yao ikiwa kwenye vita vya ndani. Sijui.

#21 Ngalawa
Nimeacha Israeli kidogo. Ongezeni la milimani: manne ya kwanza yalikuwa ya hewani Reggane, 13 yalikuwa ndani ya mlima wa mawe magumu In Ekker. Waliuita usalama, eti bomu linafungiwa mlimani. Tarehe 1 Mei 1962 bomu lililoitwa Béryl likapasua mlango wa handaki, wingu jeusi na mawe yaliyoyeyuka vikatoka. Mawaziri wawili walikuwa wamealikwa kutazama, Pierre Messmer na Gaston Palewski. Wakakimbia pamoja na askari. Palewski alifariki 1984 kwa saratani ya damu, na mwenyewe aliamini ni mlima ule uliomfuata.

Na lile la nne la Reggane, 25 Aprili 1961, lililipuliwa harakaharaka wakati majenerali wameasi Algiers dhidi ya Rais de Gaulle wa Ufaransa.

#22 Mlima Usiku
Nakubali. Na kama tunahesabu, Mwalimu, kuna majaribio madogo ya kutawanya plutoniamu (madini ya bomu yenye mionzi) bila mlipuko wa nyuklia, hukohuko Reggane na In Ekker. Ukiyaingiza, hesabu inapita 17 mbali sana. Ukihesabu milipuko tu, ni 17. Inategemea unauliza swali gani.

#23 Mwalimu wa Zamu
Sasa nimepata majibu matatu kwa swali moja. Asanteni, endeleeni. Swali jingine kutoka darasani: Waafrika walikaa kimya?

#24 Mama Chausiku
Hawakukaa kimya hata siku moja!

Novemba 1959, kabla ya bomu la kwanza, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Ufaransa iache. Desemba hiyohiyo kundi la wanaharakati lilitoka Accra kwa magari, Waghana pamoja na wageni kama Bayard Rustin na Bill Sutherland kutoka Marekani na Mchungaji Michael Scott kutoka Uingereza, wakitaka kwenda kujiweka Reggane penyewe ili bomu lisilipuliwe. Walivuka mpaka wakazuiwa Bittou, nchi inayoitwa Burkina Faso leo. Hawakufika jangwani, lakini habari ilifika. Bomu lilipolipuka, Nkrumah alizuia mali za Wafaransa Ghana. Nigeria, haijatimiza miezi minne ya uhuru, ikamfukuza balozi wa Ufaransa Januari 1961 baada ya bomu la tatu.

Na Bill Sutherland huyo baadaye alikuja kuishi Dar es Salaam miaka mingi. Watu wa rika la mama yangu walimfahamu. Mtu aliyetaka kusimama mbele ya bomu alikuwa jirani yetu.

#25 Ngalawa
Hili la Sutherland silikujua. Shukrani dada.

#26 Mwana wa Likasi
Jambo bandugu. Mie niko Katanga. Mnaanza historia katikati. Kabla ya bomu kuja Afrika, lilitoka Afrika.

Mgodi wa Shinkolobwe hauko mbali na hapa ninapoandika. Urani ya kule ilikuwa tajiri kuliko ya mahali popote. Mnamo 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Union Minière, alihamishia New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yale, yakakaa kwenye ghala Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kununua. Mawe hayo ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Babu yangu alifanya kazi ya kubeba mawe pale. Alijua ni mawe ya rangi nzuri, manjano na kijani. Alikufa bila kusikia kutoka kwa mwajiri neno "mionzi".

Mgodi ulifungwa karibu na uhuru, lakini vijana waliendelea kuingia kutafuta kobalti. Mwaka 2004 sehemu iliporomoka, watu wakafa. Nikisikia 17 au 18, mie najiuliza: hesabu ya watu wetu inaanzia wapi?

#27 Mama Chausiku
Mwana wa Likasi, asante. Mwalimu, hilo liingie somoni.

#28 Nyota ya Thika
Wadau, kuna mtu amesema mkataba wa 1963 ulikataza majaribio.

#29 Fundi Mitambo
Mimi #3. Nilisema hewani, angani na chini ya maji.

#30 Nyota ya Thika
Sawa, ila wengi wanasoma hapo wanadhani yalikoma. Hayakukoma, yaliingia chini ya ardhi. Duniani kumekuwa na majaribio zaidi ya 2,000 tangu Julai 1945, na karibu robo tatu yalifanywa chini ya ardhi. Ufaransa na China hazikutia saini kabisa, na Ufaransa ilipotoka Sahara 1966 ilihamia Polynesia ikalipua mengine 193 hadi Januari 1996.

Napenda kusema kilicholeta mkataba ule wa 1963, maana wengi wanadhani ni Kennedy na Khrushchev pekee. Machi 1954 Marekani ililipua Bravo huko Bikini, visiwa vya Marshall. Walitarajia megatani kama 6 (megatani moja ni kilotani 1,000), ikatoka 15. Majivu yakawanyeshea watu wa Rongelap na wavuvi 23 wa Kijapani kwenye mashua iliyokuwa nje ya eneo lililokatazwa. Mwezi uliofuata Nehru wa India akawa kiongozi wa kwanza kutaka majaribio yasimame. Halafu wakaja kina mama wa St. Louis, Marekani, waliotuma meno ya watoto yaliyong'oka yakapimwe. Strontiamu 90 ya mabomu ilikuwa inapita kwenye maziwa na kuingia kwenye meno! Mzazi ukishaambiwa bomu limo kinywani mwa mtoto wako, hakuna mwanasiasa wa kukunyamazisha.

#31 Mpemba wa Ruwi
Maziwa, majani, kondoo. Ndiyo njia ileile ya #9.

#32 Mlima Usiku
Na mkataba wa kukataza yote ulianza kufanya kazi 1996, kwa hiyo...

#33 Nyota ya Thika
Hapana, hapo umechemka. Ulifunguliwa kusainiwa 24 Septemba 1996 na *haujaanza* kisheria mpaka leo. Unahitaji nchi 44 zilizotajwa kwa majina, zile zilizokuwa na mitambo ya nyuklia, ziridhie zote. Marekani na China zilisaini hazikuridhia, pamoja na Misri, Iran na Israeli. India, Pakistan na Korea Kaskazini hazijasaini. Urusi iliridhia, kisha ikaondoa ridhaa yake 2023. Mwana wa Likasi, nchi yako imo kwenye hizo 44 kwa ajili ya mtambo wa Kinshasa, na iliridhia 2004.

Hata hivyo mitambo ya kusikiliza inafanya kazi. Kilimambogo, karibu na kwetu, kuna kituo cha mitetemo ya ardhi. Nairobi kuna cha mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio. Mbarara Uganda kuna cha mitetemo, na Dar es Salaam kuna cha kunasa chembe za mionzi hewani. Bomu la Korea Kaskazini la 3 Septemba 2017 lilisikika kwenye vituo vya dunia nzima. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunapita karibu na Ol Donyo Sabuk na hakuna aliyetuambia mlima ule una sikio.

#34 Fundi Mitambo
Na kuna kinasa sauti visiwa vya Crozet, bahari ya Hindi ya kusini, jirani kabisa na pale pa 1979. Mwaka 2017 kilichangia kusikia nyambizi ya Argentina ilipopasuka chini ya Atlantiki. Lile la 1979 lingetokea leo, binti wa Mwalimu angepata jibu kwa saa chache.

#35 Mlima Usiku
Nimesahihishwa #33, asante. Na #34 ndiyo hoja yangu: leo tungejua. Wakati ule hatukujua, na mpaka sasa hatujui.

#36 Ngalawa
*Wewe* hujui. Kondoo anajua.

#37 Mpemba wa Ruwi
Kabla hamjarudi kwenye kondoo, nipeni dakika kwa ajili ya bara letu. Ombi la kuifanya Afrika eneo lisilo na nyuklia lilitokana na mabomu hayo ya Sahara. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitoa azimio lake Cairo Julai 1964. Ikachukua karibu miaka 32 hadi mkataba wenyewe, Aprili 1996, Cairo tena, wakati Katibu Mkuu ni Salim Ahmed Salim wetu. Ukaanza kazi 15 Julai 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kukamilisha.

Jina lake ni Mkataba wa Pelindaba. Pelindaba ni kituo cha nyuklia karibu na Pretoria ambako Makaburu walianzia mambo yao. Kwa Kizulu maana yake mazungumzo yamekwisha. Jirani yake kulikuwa na kiwanda cha urani kilichoitwa Valindaba, na vala ni kufunga: mazungumzo yamefungwa. Waliwanyima Waafrika sauti kwa kutumia lugha ya Waafrika. Waafrika wakalichukua jina hilohilo wakaliweka juu ya mkataba.

Tatizo moja: Diego Garcia, kisiwa cha Chagos chenye kambi ya kijeshi ya Marekani. Afrika inasema visiwa vya Chagos vimo ndani ya ramani ya mkataba, Uingereza imekataa miaka yote. Kwa hiyo bahari yetu ina tundu.

#38 Kijana wa Bab Ezzouar
Ongezeeni: yale mavumbi ya Sahara yanayopeperuka hadi Ulaya. Kila yakifika watu wanasema bomu la Ufaransa limerudi nyumbani.

#39 Fundi Mitambo
Hilo limepimwa. Waliochunguza vumbi la Machi 2022 walikuta alama za plutoniamu zinafanana zaidi na za majaribio ya Marekani na Wasovieti yaliyotapakaa dunia nzima, kuliko na mabomu ya Reggane. Mchanga wa Sahara umebeba hata mabomu ya wengine.

#40 Baharia Mstaafu
Basi hesabu ya Mwalimu imeharibika kabisa.

#41 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, nimetoka darasani. Ubaoni niliandika "Sahara 17", chini yake "Bahari ya kusini 1", na mbele ya hiyo 1 nikaweka alama ya kuuliza. Niliwasomea #18 na #26 kwa sauti. Walinyamaza. Halafu wakabishana mpaka kengele, wengi wako na kondoo.

Yule binti naye ana jipya. Amehesabu tarehe: Algeria ilipata uhuru 5 Julai 1962, lakini mabomu 11 kati ya 17 yalilipuliwa baada ya hapo. Anauliza Ben Bella, kiongozi wa Algeria huru, alikubali vipi.

#42 Ngalawa
Makubaliano ya Évian kati ya Ufaransa na wapigania uhuru wa Algeria, Machi 1962. Ufaransa iliachiwa vituo vya jangwani kwa miaka mitano. Ukitoka kwenye vita vya karibu miaka minane na maiti hazihesabiki, unasaini ili uhuru upatikane.

#43 Mlima Usiku
Au walihitaji fedha na mafundi wa Ufaransa, wakafumba macho. Si lazima iwe kulazimishwa.

#44 Kijana wa Bab Ezzouar
Hakufumba macho hadharani. Mwaka 1963 Wafaransa walilipua bomu In Ekker tarehe 18 Machi, mwaka mmoja kamili, siku ileile Évian iliposainiwa. Ben Bella alilalamika na kutaka vipengele vya kijeshi vifanyiwe marekebisho. Mlipuko uliofuata ulikuwa tarehe 30 Machi, siku 12 tu baadaye, na mwingine Oktoba mwaka huohuo.